Neno la Wifi Yangu Katika Faili la Mwavuli

Wifi yangu, dada wa mume wangu, amekuwa mlezi katika chekechea ya chuo cha ualimu kwa miaka kumi na tisa. Mimi niko hapo hapo, jikoni. Nachemsha maziwa, nakata mkate, naosha vikombe sitini kila siku ya kazi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuhadithiwa na mtu wa mbali. Mengine niliyaona kwa dirisha la jikoni, mengine aliniambia mwenyewe tukiwa njiani, maana tunakaa ua mmoja na kwenda tunakwenda pamoja.

Chekechea yetu ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Asubuhi wanaingia watoto wa miaka mitatu mpaka sita, na nyuma yao wanaingia wanachuo, vijana wanaosomea kufundisha watoto wadogo. Mtoto anajifunza kufunga kiatu, mwanachuo anajifunza namna ya kumfundisha mtoto kufunga kiatu, na wifi yangu anawaangalia wote wawili, asije mmoja wao akalia. Maana na wanachuo hulia. Wapo waliolia begani kwa wifi yangu siku ya kwanza ya mazoezi, na leo ni walimu wakuu. Wote humwita Shangazi.

Pale mlangoni watoto wanavua viatu, kisha kila mmoja anatundika mkoba kwenye msumari wake. Kwa kuwa hawajui kusoma, juu ya kila msumari kuna picha: samaki, ufunguo, kengele, mwavuli. Wanachuo wakiandika habari za mtoto hawaruhusiwi kutaja jina, wanaandika picha yake. Tukazoea. Hata sisi huku jikoni tunasema, "Ufunguo leo hakumaliza maziwa."

Anayewafundisha wanachuo ni mkufunzi mmoja mwembamba, miwani yake inaning'inia kwa kamba, na mzaha kwake ni wa kutafuta kwa tochi. Amewawekea sheria moja ya kujaza zile fomu za uchunguzi. "Andika ulichokiona na ulichokisikia. Unachodhani kivue mlangoni pamoja na viatu." Kila mwaka anaisema kwa maneno yale yale, na kila mwaka wifi yangu anaisema kimya kimya pamoja naye, midomo tu, kama mtu anayefuatisha sala.

Sasa yule Mwavuli alikuja kwetu akiwa na miaka minne. Mtoto mnene kidogo, mpole wa uso, maneno yake mafupi mafupi na nusu ya herufi anazila. Wiki yake ya kwanza alikuwa kwenye sanduku la mchanga, anamwaga mchanga nje. Wifi akamwambia aache. Mtoto anamwaga. Akamwambia mara ya pili, mara ya tatu, mtoto anamwaga tu na kutabasamu. Mwanachuo mmoja wa kike alikuwa kando na fomu yake, binti mrefu tuliyempa jina la Kalamu kwa sababu hata akila alikuwa anaandika.

"Shangazi, huyu vipi?"

"Huyu? Huyu hasikii huyu," wifi akasema, akacheka, akaenda kuchukua ufagio.

Ni neno tu. Sisi sote tunalisema. Mtoto ukimtuma asiende, hasikii. Ukimkataza asiache, hasikii. Mama yangu mzazi alilisema juu yangu mpaka siku naolewa. Lakini Kalamu aliliandika. Na mwanachuo aliyefuata, kabla ya kumchunguza Mwavuli, alifungua faili akasoma alichoandika mwenzake, akatazama, akaona mtoto anaitwa haji, naye akaandika hivyo hivyo. Wa tatu akasoma ya wawili. Miezi saba ikapita namna hiyo. Kila mwisho wa mwezi barua fupi ilikwenda nyumbani kwa mama yake: mtoto wako hafuati maelekezo, tunaomba ushirikiano wako.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo nataka lieleweke mapema.

Jumatatu moja lori la chuo lilileta viti. Watoto walikuwa uwanjani. Lori likaanza kurudi nyuma kuelekea stoo, na Mwavuli akawa anatembea nyuma yake, anafuata jani linalopeperuka. Mwalimu mkuu wa chekechea alikuwa kwenye baraza, akapiga kelele, "Simama!" Wanachuo wakapiga kelele. Mimi jikoni nikapiga kelele nikiwa nimeshika kisu cha mkate. Uwanja mzima ulikuwa unamwita mtoto mmoja, na yeye ameinama, anaokota jani.

Wifi yangu ana miaka hamsini na sita na goti moja linalogoma kwenye ngazi. Sijui alifikaje. Nilimwona yuko mlangoni, kisha nikamwona ameanguka kwenye vumbi na mtoto juu ya tumbo lake, na dereva ameruka chini, hajui amshukuru nani.

Mtoto ndipo akalia. Alilia kwa kushtushwa na kukamatwa. Lori hakuwa na habari nalo.

Mwalimu mkuu alishuka ngazi uso umekuwa kama majivu. Ni mwanamke mwema, lakini kwa siku ile hofu ilimpanda. "Basi," akasema. "Mimi siwezi. Watoto sitini, kisha mmoja haitwi akaitika. Kesho akifa hapa nitamwambia nini mama yake? Ijumaa aje, achukue mtoto wake, amtafutie mahali pengine."

Jioni ile tulirudi nyumbani wifi akichechemea. Nikamtania kidogo, kama tulivyozoea, nimtoe kwenye mawazo.

"Kumbe mbio unazo, wifi. Na ukitumwa chumvi dukani unasema goti."

Alitembea mpaka tukapita duka la fundi cherehani, ndipo akasema, "Wifi, lori lile halikuwa na kengele ya kurudi nyuma?"

"Lilikuwa linalia pi, pi, pi. Mimi nililisikia jikoni."

"Nami nililisikia chooni nikiosha watoto." Akasimama kupumzisha goti. "Mtoto akiwa mkaidi, wifi, anakataa watu. Anakataa na lori?"

Nilimwambia asijitie homa. Mungu amemwokoa mtoto, tushukuru, tulale. Lakini nilimwona usiku ule ukumbini hakula, alikuwa anaumega mkate na kuurudisha kwenye sahani.

Jumanne alimwandama Mwavuli kama kivuli. Akirudi jikoni kuchukua vikombe ananiletea habari. "Nimemwita kwa mbele, amekuja." Dakika kumi: "Nimemwita kwa nyuma, hakuja." Kisha: "Nimemwita kwa nyuma tena, amegeuka. Ee Mungu, sijui ninachokitafuta."

Siku ya Jumatano ndiyo iliyomvunja. Kuna chumba pembeni ya darasa tunakiita chumba cha kioo. Ukiwa darasani unaona kioo tu, unajiona mwenyewe. Ukiwa ndani ya kile chumba unaliona darasa zima, na watoto hawajui. Wanachuo hukaa humo na fomu zao, na spika ndogo ukutani inawaletea sauti. Wifi aliingia kufuta vumbi. Spika ilikuwa imezimwa, fundi ameifungua nyaya. Basi akasimama na kitambaa mkononi akilitazama darasa lisilo na sauti.

Alinieleza hivi. Mwalimu alikuwa anafungua mdomo na kuufumba. Watoto wakasimama, na wifi hakujua wamesimama kwa nini. Wakashika masikio, naye hakujua kwa nini. Akajikuta anawatazama wale wa mbele ili ajue kinachofuata. Kisha akamtafuta Mwavuli kwa macho. Mwavuli alikuwa anafanya vile vile. Anamtazama Samaki, kisha anasimama. Anamtazama Kengele, kisha anashika masikio. Kila jambo alilifanya, ila alilifanya nyuma ya wenzake kidogo tu, kama mtu anayejibu maamkuzi baada ya mgeni kupita. Mwalimu alipogeuka ubaoni, mdomo wake haukuonekana tena. Mwavuli akaacha kufuata, akaanza kuchezea soksi.

"Wifi," aliniambia, ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, kitambaa bado mkononi, "mimi nilikuwa mle ndani kama yeye. Nilikuwa yeye."

Nikaogopa namna alivyolisema.

"Basi kamwambie mkufunzi."

"Nikamwambie nini? Yeye ana shahada ngapi sijui. Mimi nimeishia shule ya msingi, tena mwaka wa mwisho nilisoma kwa kuchungulia dirishani kwa sababu ya ada. Niende nikamwambie wewe na wanachuo wako wote hamkuona, nimeona mimi mwenye kitambaa?"

"Ndiyo."

"Wewe kaa na sufuria zako."

"Na wewe kaa na kitambaa chako, mtoto aende."

Akanitazama kwa hasira, kisha hasira ikamwisha. "Na kama si kweli? Kama anasikia, nikamtia mama yake hofu bure? Na kama ni kweli," hapo sauti ikapungua, "lile neno lilitoka kwangu, wifi. Lilianzia kwangu."

Tukakubaliana Alhamisi tumpime wenyewe, kwa akili zetu. Saa ya maziwa nilichukua mfuniko mkubwa wa sufuria, nikasimama nyuma ya Mwavuli, wifi yuko mbele anamtazama usoni. Nikauachia mfuniko sakafuni. Ulipiga kelele mpaka Ufunguo akamwaga maziwa. Na Mwavuli akageuka.

Wifi akaketi kwenye kiti cha mtoto, kile kidogo, magoti yakamfika kidevuni. Sijui kama alikuwa ameshukuru au amekata tamaa. "Anasikia," akasema. "Nimemzushia mtoto wa watu ugonjwa. Mungu anisamehe."

Mimi nilikuwa naokota mfuniko, na kwa kuwa nami nilikuwa nimevua viatu kama sheria ya mle ndani, nikahisi saruji bado inatetemeka kwenye nyayo. Nikasema, "Wifi, hebu ngoja. Sakafu imenitekenya miguu."

Akainua kichwa.

Tukamhamishia Mwavuli kwenye mkeka mnene wa kona ya vitabu. Tukampa vipande vya mbao ajenge. Nilichukua kengele ya mkono, ile ya kuita watoto kutoka uwanjani, nikasimama nyuma yake hatua mbili. Nikaipiga. Watoto wote darasani wakasimama, wakafikiri wakati umekwisha. Mwavuli akaweka kipande juu ya kipande. Nikapiga tena kwa nguvu mpaka mkono ukaniuma. Akatafuta kipande chekundu, akakipata, akakiweka.

Aliponiona hatimaye ni kwa sababu kivuli changu kiliangukia mnara wake. Akanitazama, akatabasamu, akanionyesha mnara.

Wifi alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya stoo, midomo inakwenda, anaomba.

Ijumaa ofisini kulikuwa na mwalimu mkuu, mkufunzi, wanachuo watatu waliokuwa zamu, Kalamu akiwa mmoja wao, na mama yake Mwavuli. Mama huyu anauza nguo za mitumba sokoni. Alikuja na begi la nguo begani kwa sababu hakutaka kupoteza siku nzima. Mimi nilipeleka chai, na nikiri dhambi yangu, niliimimina taratibu sana.

Mkufunzi alilisoma faili kwa sauti. Fomu kumi na nne. Tarehe, mahali, picha ya mtoto, na kwenye mstari wa maelekezo: hasikii. Tarehe nyingine: hasikii. Nyingine: hasikii kabisa. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Kila neno likisomwa alikuwa anaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu anayepigwa kofi na amelizoea.

"Nyumbani je, mama?" mwalimu mkuu akamwuliza kwa upole.

"Ni hivyo hivyo, mwalimu. Najitahidi. Namwadhibu. Haachi."

"Basi utatuelewa. Hatumfukuzi kwa chuki."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameitwa kwa sababu ya lori tu, atoe ushahidi wa siku ile kisha atoke. Niliona anafungua mdomo, anafunga. Mikono ameifunga kwenye aproni. Nikaweka kikombe kwa mlio, makusudi, ili anitazame. Akanitazama. Nikamkazia macho.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Hilo neno ni langu."

Mwalimu mkuu hakuelewa. "Neno gani, Shangazi?"

"Hilo hasikii. Wiki ya kwanza nililisema mimi, kwa mazoea. Huyu binti akaliandika. Nilimaanisha mtundu. Lakini..." Akaitoa mikono kwenye aproni. "Lakini mtoto hasikii. Hasikii kwa masikio."

Nje watoto walikuwa wanaimba wimbo wa vidole.

"Wewe si daktari, Shangazi," mwalimu mkuu akasema, na hakusema kwa ubaya.

"Si daktari. Hata mwalimu si mwalimu. Naomba tu niseme nilichokiona." Akasema: kioo, spika iliyozimwa, Samaki na Kengele, mwalimu kugeuka ubaoni, mfuniko na sakafu, kengele na mkeka. Alisema kwa mpangilio, moja moja, bila kuongeza yake. Mkufunzi alikuwa amevaa miwani. Wifi alipomaliza, mkufunzi aliigeukia ile safu ya wanachuo.

"Fomu kumi na nne. Nani kati yenu alimwita kwa nyuma akaandika kilichotokea?"

Hakuna.

"Wewe ulikuwa wa kwanza. Ulipoandika hasikii, ulikuwa umeona nini?"

Kalamu alikuwa na machozi tayari. "Sikuona, Mwalimu. Nilisikia kwa Shangazi."

"Na mimi nikaweka sahihi," mkufunzi akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa chafu. "Mara kumi na nne."

Mama yake Mwavuli aliinuka, begi likamteleza begani, nguo zikamwagika sakafuni, hakuziokota.

"Subirini," akasema. "Subirini kwanza. Mnaniambia mwanangu ni kiziwi?"

"Hatujui, mama," mwalimu mkuu akaanza.

"Hamjui! Miezi saba mnaniletea barua. Hafuati, hafuati, tunaomba ushirikiano wako. Nikashirikiana! Mnajua nilishirikianaje? Kwa mwiko! Barua ikija, mwiko. Mtoto ananiangalia usoni, najua ni kiburi, naongeza." Akamwelekea wifi. Nilidhani atampiga, na wifi naye, naona, alidhani hivyo, kwa sababu hakurudi nyuma, alisimama kama anayengoja. "Wewe. Wewe ulisema ukacheka, ukaenda zako."

"Ndiyo, mama."

"Unasema ndiyo tu?"

"Sina lingine, mwanangu. Ni kweli."

Mwalimu mkuu alisema jina la Mwavuli litabaki kwenye orodha mpaka Jumatano. Orodha ya muhula mpya inakwenda ofisi za chuo Jumatano saa kumi kamili, na nafasi ina watoto thelathini wanaoingoja. Daktari aandike kabla ya hapo. Akiandika kwamba masikio ni mazima, mtoto aondoke. Akiandika vinginevyo, mtoto abaki na wanachuo wafundishwe namna ya kukaa naye. Hakuna aliyepinga.

Mama alikuwa anaokota nguo zake. Wifi aliinama kumsaidia, mama akampokonya shati mkononi. Akafika mlangoni, akageuka.

"Utakuja na mimi hospitali. Wewe ndiye ulianza, utakuja usikie."

Ile Jumamosi na Jumapili sikumbuki kama wifi aliketi. Alifua vilivyofuliwa. Alifagia ua mpaka mume wangu akasema dada yangu ataufikia mwamba. Kwenye ibada alipiga magoti watu wakainuka yeye bado. Nilipomwuliza anaomba nini, alisema hajui aombe nini, na hilo ndilo linalomtesa. "Nikiomba awe mzima, anafukuzwa, na mimi nimewatia watu aibu bure. Nikiomba awe na ugonjwa, ni dua gani hiyo ya kumwombea mtoto wa mwenzio?"

"Omba tu daktari awe na akili," nikasema.

"Hilo nimeshaliomba," akasema, bila mzaha hata kidogo.

Hospitali walipewa nafasi Jumatano asubuhi. Siku ya mwisho yenyewe. Haya sikuyaona, nasema kama alivyoniambia.

Waliketi kwenye benchi tangu saa mbili. Mtoto katikati, mama upande huu, wifi upande ule. Foleni haikusogea. Mashine ya masikio ilikuwa moja, na mtaalamu wake alikuwa ameitwa wodini. Saa tano wifi alitazama saa ya ukutani. Saa sita akaitazama tena, ikawa kama haikusogea wala haikusimama. Kutoka pale mpaka chekechea ni mwendo wa dakika hamsini kwa miguu, kwa goti lake.

Saa saba mama akasema, akitazama ukuta, "Alikuwa anaacha kulia nikigeuka."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Nikimchapa, anakuwa ananitazama mdomo. Nikigeuka nikaendelea kugomba, anaacha kulia, anaanza kucheza. Ndiyo maana nikasema ana kiburi. Nilikuwa namwona. Kila siku nilikuwa namwona."

Wifi aliniambia alitaka kumshika mkono, akaogopa. Akatoa kipande cha mkate kwenye mkoba, akakigawa vipande vitatu. Mama alichukua chake. Hakusema asante, lakini alichukua.

Saa nane na nusu muuguzi alitokea mlangoni, akaita jina la mtoto. Akaliita mara ya pili akiangalia huku na huku. Mtoto alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Wale wanawake wawili wakainuka kwa pamoja.

Walimtia kwenye kijumba kidogo, wakamvalisha vile vidude vya masikioni, wakampa vijiti aweke ndani ya kopo kila akisikia mlio. Mama na wifi walikuwa nje wanatazama kwa kidirisha. Mtaalamu alibonyeza. Mtoto alikuwa na kijiti mkononi, ametulia, mtiifu kabisa, anasubiri. Mtaalamu akabonyeza tena, akazungusha kitufe, akabonyeza. Mtoto anasubiri. Wifi aliniambia hajawahi kuona mtoto anayesubiri kwa utiifu namna ile.

Alipozungusha mbali sana, ndipo kijiti kikaingia kwenye kopo.

Daktari alitazama ndani ya masikio kwa taa yake, akaeleza kwa lugha rahisi. Kuna majimaji yamejaa nyuma ya ngoma za masikio, yote mawili. Mtoto anasikia kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa. Siku nyingine mlango unafunguka kidogo, siku nyingine unafungwa kabisa. Dawa kwanza, kisha watamwangalia tena, na huenda akahitaji upasuaji mdogo. Hawezi kuahidi mpaka amwone tena. Akauliza ni nani aliyegundua.

Mama akasema, "Huyu." Kidole tu, hakumtazama.

Ilikuwa saa tisa na dakika tano karatasi ilipogongwa muhuri. Mama alikuwa na foleni nyingine, ya dawa. Akampa wifi ile karatasi.

"Ipeleke wewe. Mimi ile ofisi siwezi kuiona leo."

Wifi aliikunja mara moja tu, asiharibu maandishi, akaiweka kifuani. Alitembea. Penye mteremko alikimbia. Mimi nilikuwa nimesimama getini tangu saa tisa, vikombe nimeviacha kwenye maji, na nilipomwona anaingia nilijua kwa mkono wake, alivyoushika kifuani. Tulipita baraza pamoja. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika orodha, mhudumu wa ofisi anaingojea na bahasha wazi. Akasoma karatasi ya daktari. Akaisoma tena. Akachukua kalamu, na pale alipokuwa amepiga mstari kwa penseli kwenye jina la mtoto, akafuta kwa kifutio, akapuliza vumbi lake, akaandika jina upya kwa wino.

"Amebaki, Shangazi," akasema. "Jumatatu utakaa na mkufunzi, uwaeleze wanachuo. Kama ulivyotueleza sisi."

"Sawa, mwalimu."

Nilifikiri akitoka pale atapumua. Alikuja jikoni, akageuza ndoo, akaketi. Nikamwekea maji. Hakuyagusa. Alikuwa anatazama kupitia mlango, kule kwenye misumari, mikoba yote imeshachukuliwa na picha zimebaki.

"Wifi."

"Naam."

"Miaka kumi na tisa. Nimelisema kwa wangapi?"

Nikasema, "Wengi walikuwa watundu tu, wifi. Unamkumbuka yule Ufunguo wa kwanza, aliyetia chumvi kwenye sufuria ya maziwa? Huyo alisikia, tena alisikia mpaka tulichonong'ona."

Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamwisha usoni.

"Na yule wa Nyota? Yule aliyeondolewa mwaka wa mvua nyingi, tukasema amezidi?"

Nilimkumbuka. Mtoto mwembamba, alikuwa anakaa karibu sana na mwalimu, anamtazama midomo. Tulimwita kupe, kwa kung'ang'ania. Nikashika kikombe, nikakisugua, nikakisugua tena.

"Na wa Jogoo?" wifi akauliza.